Skuli, Shule na Chuo: Safari ya Neno la Kiingereza Kisiwani Pemba

Katika maneno yote ya Kiingereza yaliyohamia Kisiwa cha Pemba, sidhani kama lipo linalotamkwa mara nyingi kila siku kuliko "school". Sisi twasema skuli. Ukipita alfajiri Wete au Mkoani utalisikia kila mlango: "Amka, skuli hiyo!" Mchana utalisikia tena: "Hajarudi skuli bado." Neno hili limeshapoteza ugeni wake kiasi kwamba mtoto wa Kojani ukimwambia kuwa ni la Waingereza atakucheka. Kwake yeye skuli ni Kiswahili kama vile mnazi na ngalawa.

Lakini wengi wetu tuliotoka visiwani tukaja kusoma bara tumekutana na jambo jengine. Katika insha moja niliyoandika mwaka wangu wa kwanza, neno skuli lilizungushiwa duara la wino mwekundu mara saba, na pembeni mhadhiri (jina lake si hoja) akaandika: "Hiki ni Kipemba. Tumia Kiswahili sanifu: shule." Nilipowauliza wenzangu wa Unguja, kumbe na wao wameambiwa vivyo hivyo, ila wao waliandikiwa "lahaja". Makala haya yanakusudia kulijibu duara lile. Nitadai kwamba skuli na shule ni maneno mawili ya kigeni yenye hadhi sawa, na kwamba kilichoyatenganisha ni mkataba wa wakubwa wa Ulaya. Hilo ni la kwanza. La pili, na kwangu ndilo zito zaidi, ni kwamba maana halisi ya skuli kule Pemba hatuwezi kuipata kwa kulitazama neno lenyewe peke yake. Inatubidi tulitazame pamoja na neno lililokuwapo kabla yake, yaani chuo.

Tuanze na mkataba. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mapatano ambayo kwayo Ujerumani ilikubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Uingereza, na yenyewe ikapata kisiwa kidogo cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini na kuhakikishiwa pwani ya bara iliyo mbele yetu. Mstari ukapita katika mkondo wa bahari baina ya Pemba na Tanga, mahali ambapo majahazi yalikuwa yakivuka siku zote bila kuulizwa. Kutoka magharibi ya Pemba hadi bara ni kiasi cha kilomita 50 hivi. Upepo ukiwa mzuri, mtu hutoka Wete asubuhi akafika Tanga mchana.

Na Tanga ndiko Wajerumani walikofungua moja katika skuli zao za mwanzo za serikali, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walitaka makarani, wakalimani na maakida wanaojua kusoma na kuandika, na wakaamua wafundishwe kwa Kiswahili. Jengo lenyewe waliliita kwa jina la kwao, Schule, na wanafunzi wakalisema kama walivyolisikia: shule. Kwa hiyo neno ambalo leo linasimamishwa mbele yetu kama ndilo Kiswahili chenyewe, mojawapo ya vitanda lilikozaliwa ni pwani ile inayotazamana na Wete. Jahazi lililobeba karafuu na nazi kwenda Tanga lilivuka kutoka skuli kwenda shule. Na lile lililoelekea kaskazini, likapita Shimoni hadi Mombasa, lilijikuta tena katika skuli, maana Mombasa nayo ilikuwa ya Mwingereza, na wazee wa Mombasa skuli ndilo neno lao.

Hapa kuna kichekesho kidogo cha historia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondoka, na Waingereza wakaichukua Tanganyika. Mtu angetarajia shule iondoke pamoja na bendera. Haikuondoka. S. Rivers-Smith, ambaye alikuwa Mkurugenzi wa Elimu wa Zanzibar, alihamishiwa Tanganyika mwaka 1920 kushika cheo hicho hicho. Bwana huyo huyo mmoja, Mwingereza kwa kuzaliwa, aliacha nyuma yake skuli na kwenda kusimamia shule! Alichokikuta bara ni walimu, makarani na maakida waliokwisha kulizoea neno la Kijerumani, na serikali mpya ikawahitaji watu wale wale. Neno lilibaki kwa sababu wasemaji wake walibaki kazini.

Wapo wataalamu watakaosema kwamba shule lilishinda kwa sababu za kifonetiki: lina silabi wazi, linateleza kinywani mwa Mbantu, ambapo skuli linaanza na konsonanti mbili zilizobanana. Hoja hiyo ina kipande cha ukweli. Jirani zetu Wachewa wa Malawi walipolichukua neno hilo hilo la Kiingereza walilitia irabu, wakapata sukulu. Lakini masikio ya watu wa pwani yalikuwa yameshafunzwa na Kiarabu. Aliyezoea kusema askari, maskini na labda hatashindwa na skuli. Ndiyo maana visiwani tunasema spitali, skrubu, stesheni, bila ya kuongeza wala kupunguza. Fonetiki yaeleza kwa nini neno laweza kukaa. Haielezi kwa nini limefika upande huu na halikufika upande ule. Hilo waulizwe wale waliotia saini.

Na tukitupa jicho mbali kidogo tutaona kwamba jambo hili halikutupata sisi peke yetu. Ndugu zetu wa Ngazija, ambao lugha yao ni binamu wa Kiswahili, wanaiita skuli ya serikali likoli, yaani "l'école" ya Mfaransa imemezwa nzima pamoja na kitambulishi chake. Waswahili wa mashariki ya Kongo wao husema masomo: mtoto "yuko ku masomo". Kila mkoloni alipopita aliacha jina la nyumba hii, isipokuwa Kongo ambako watu walijitafutia la kwao. Mwanafunzi wa Kiswahili anayesema kwamba mojawapo ya majina haya ni safi na mengine ni takataka, hebu atuoneshe kwanza ni kwa mizani gani.

Sasa tuje kwenye chuo.

Katika Kiswahili cha zamani chuo kilikuwa kitabu. Kamusi za wamisionari za karne ya 19 zinakitoa kwa maana hiyo, na sisi wanafunzi wa fasihi tuna ushahidi mkubwa zaidi: Utendi wa Tambuka, ambao mswada wake wa zamani una tarehe ya 1728, unajulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali, yaani kitabu cha Herekali. Mwanachuoni ni mtu wa vitabu. Na chuoni ni pahala penye kitabu, na kwa kuwa kitabu chenyewe kilikuwa Kurani, chuoni pakawa ndipo watoto wanapokaa mkekani mbele ya mwalimu, kila mmoja na ubao wake au juzuu yake, wakisoma kwa sauti wote kwa pamoja, kila mtu aya yake. Kule Ngazija neno hilo lipo mpaka leo, wanasema shioni, na liko kando ya likoli vile vile kama chuoni lilivyo kando ya skuli kwetu. Mabwana walikuwa wawili tofauti, Mwingereza na Mfaransa, lakini ramani ya maneno imetoka sawasawa. Mimi naona huo ni ushahidi kwamba chuo ndicho kilichokuwa nguzo, na jina la kizungu ni kitu kilichokuja kuegemea.

Chuo cha Pemba hakikuwa cha kukaririsha tu, ingawa ndivyo wengine wanavyokidhania. Kutokana na herufi za Kurani watu walijifunza kukiandika Kiswahili chenyewe: barua, hati za mashamba, hesabu za madeni, na mashairi. Kamange na Sarahani, wale malenga wakubwa wa Pemba walioishi karne ya 19 na kuingia mwanzoni mwa karne ya 20, ni zao la ulimwengu huo. Mashairi yao yalikusanywa na kutolewa kitabu mwaka 2011 kwa jina la Kale ya Washairi wa Pemba. Ukiyasoma utakutana na watu wanaoijua Kiarabu, wanaoijua mizani, wanaojibizana kwa mafumbo ambayo sisi wenye shahada twahitaji tanbihi ili tuyaelewe. Na kwa kipimo cha leo cha ofisini, watu hawa "hawakusoma".

Neno hili "hawakusoma" nataka nilikalie kitako kidogo, maana hapa ndipo skuli ilipofanya kazi yake kubwa.

Skuli kwa maana ya kizungu iliingia Pemba kwa mlango wa dini nyengine. Mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba, na wakati huo huo wamisionari wa madhehebu ya Marafiki, ambao Waingereza huwaita Makweka, walifika kisiwani na kuweka makaazi yao Banani, si mbali na Chake Chake. UMCA nao walikuja wakakaa Wete. Walifundisha waliokuwa watumwa na watoto wao. Kisha, katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, serikali ya himaya ikaanzisha idara yake ya elimu na skuli zake. Haishangazi basi kwamba wazazi wengi wa Kiislamu walilitazama jambo hili kwa jicho la pembeni. Waliloliona ni nyumba ya kizungu, jina la kizungu, na juu ya yote hati ya kizungu. Maana serikali ilifundisha Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na kwa mzee aliyekuwa akiandika Kiswahili kwa herufi za Kurani tangu utoto wake, hiyo ilikuwa ni sawa na kuambiwa kwamba mkono wake wa kulia haufai. Serikali ilipoona watoto hawaji, ilibidi iwaingize walimu wa Kurani ndani ya skuli zake ili wazazi watulie. Yaani skuli ilikwenda kukikopa chuo.

Bibi yangu mzaa mama, ambaye ameshatangulia mbele ya haki, aliweza kuandika barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ndefu, yenye salamu za kila mtu na kila mti. Akipata barua kutoka kwa ndugu zake wa Mombasa aliisoma mwenyewe. Lakini alipokuja karani wa kuandikisha watu na kumuuliza, "Bibi, umesoma?", alijibu, "Hata. Mie sikusoma skuli." Karani akaandika anavyojua. Mwanamke aliyesoma na kuandika maisha yake yote akaingia katika daftari la wasiojua kusoma, na aliyemtia humo ni neno moja. Sina shaka kuwa hakuwa peke yake.

Tuone basi matumizi ya kila siku yalivyo. Mpemba akisema "kenda skuli" anakupa habari ya nusu ya siku tu. Skuli zetu nyingi zina mikondo miwili, wa asubuhi na wa jioni, na mtoto wa mkondo wa asubuhi jioni huwa chuoni, wa jioni asubuhi huwa chuoni. Siku ya mtoto imekatwa vipande viwili, na kila kipande kina jina lake, nguo yake na hata mwendo wake wa kukaa. Siku hizi kuna kipande cha tatu, tuisheni, neno jengine la Kiingereza, nalo limekula wakati wa kucheza. Mtu mzima akitaka kujua kama mtoto amelelewa huuliza "anasoma wapi?" na jibu linalotarajiwa ni mawili, skuli fulani na chuo cha maalim fulani. Ukitaja moja tu, utaulizwa la pili.

Kisarufi pia mambo ni ya kuangaliwa. Chuoni lina -ni yake, na huwezi kuivua bila ya kubadilisha maana. Skuli katika mazungumzo haliitaki: "yuko skuli", "natoka skuli". Skulini utalikuta zaidi kwenye maandishi. Na wingi wake, kwenye magazeti ni skuli zimefungwa, barazani ni maskuli yamefungwa. Wasahihishaji huliona hilo la pili kuwa kosa. Mimi naliona kuwa ni dalili kwamba neno limeshapata uraia, kwani maneno ya watu ndiyo yanayochezewa ngeli.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi nilipoanza kuchunguza ni hili. Fungua mlango wa skuli uingie ndani, utafute Kiingereza kiko wapi. Kuna darasa, mwalimu, elimu, hesabu, kalamu, karatasi, daftari, wino, mtihani, sahihisho. Karibu yote ni maneno ya asili ya Kiarabu, au yaliyotujia kwa njia ya Kiarabu, na mengi yake yalikuwa chuoni kabla Mwingereza hajashusha nanga. Bweni la wanafunzi sisi twaliita dahalia, Kiarabu kitupu. Kitenzi chenyewe, kusoma, kilikuwa cha chuo. Kuhitimu kulikuwa ni kuikhitimisha Kurani, mtoto akapambwa na jamaa wakalishwa. Leo tunahitimu kidato cha nne na tunahitimu shahada. Kiingereza kilileta chaki, penseli, ripoti, yunifomu, na kile kibao cha pale mlangoni. Kwa maneno mengine, tulipewa jina la nyumba, lakini vyombo vya ndani karibu vyote vilihamishwa kutoka kwa jirani.

Hata cheo cha mwenye kufundisha kimefuata njia hiyo. Maalim Seif Sharif Hamad, aliyezaliwa Mtambwe mwaka 1943 na kufariki Februari 2021, hakupata jina la Maalim kwa kufundisha Kurani mkekani. Alisoma King George VI kule Unguja, na baadaye akawa mwalimu wa skuli kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuingia katika siasa. Lakini watu walimpa jina la heshima la chuoni. Walimu wa skuli wote kwetu ni maalim. Hakuna aliyewahi kumwita mwalimu wake "ticha" Pemba ya zamani, ingawa siku hizi nalisikia kwa vijana wa mjini.

Sasa, neno linapohama halihami na mizigo yake yote, na ni vizuri sisi wa uhakiki tulijue hilo. Mwingereza ana "school" nyingi. Ana ile ya watoto, ana ya wanafikra wanaofuata njia moja, na ana hata kundi la samaki. Hiyo ya samaki ni neno jengine kabisa lililotoka upande wa Uholanzi na likafanana kwa bahati tu. Mvuvi wa Pemba ana kundi la dagaa, hana skuli ya dagaa. Na mhakiki wa Kiswahili anasema mkabala, mkondo, au madhehebu. Akisema "skuli ya urasimi" tutamcheka. Tulichukua maana moja tu, ile yenye kengele na kiranja. Mzizi wa mbali kabisa wa neno hili ni wa Kiyunani, nao ulikuwa na maana ya wasaa, nafasi ya mtu asiye na shughuli. Ningependa kumsikia mtu akiwaelezea hivyo wazazi wa Pemba wakati wa mavuno ya karafuu, pale kila mkono mdogo unapohitajika shambani na viti vya madarasa vinapobaki vitupu!

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 neno lilipata maana mpya, na haki ni kulisema hili pia. Skuli zilichukuliwa na serikali, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo elimu ikatangazwa kuwa bure. Kabla ya hapo aliyetaka sekondari mara nyingi ilimbidi avuke bahari kwenda Unguja, na si kila baba alikuwa na uwezo wala moyo wa kumpeleka mwanawe. Jina la Fidel Castro likabandikwa kwenye skuli ya sekondari pale Vitongoji, na ile King George VI ya Unguja ikawa Lumumba. Tazama: jina la mfalme liliondolewa, la mwanamapinduzi likaletwa, lakini neno skuli halikuguswa. Hakuna aliyeona kwamba ni la mkoloni. Lilikuwa limeshakuwa letu, na zaidi ya hapo lilikuwa limekuwa haki, kitu cha kudaiwa. Mpemba akilalamika kwamba amesahauliwa, katika mambo ya mwanzo atakayotaja ni barabara, spitali na skuli. Na tangu siasa ya vyama vingi iliporudi kwa uchaguzi wa 1995, vituo vya kura vikawekwa sana katika majengo hayo, hata wazee wakawa na utani wao: "Leo na sie tuna skuli." Utani huo una uchungu wake kwa wanaojua chaguzi zetu zilivyokuwa.

Turudi kwenye usanifu, ambako ndiko duara la wino mwekundu lilikotoka. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili cha kuandikia katika Afrika ya Mashariki, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuusimamia uamuzi huo, ile ambayo baadaye ilizaa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Unguja wakati huo ilisema skuli, kama inavyosema leo. Kwa mantiki ya mkutano wenyewe skuli ndilo lingekuwa sanifu na shule ndilo lingekuwa la pembeni! Haikuwa hivyo. Vitabu vilichapwa kwa ajili ya wengi, na wengi walikuwa bara. Sisemi kwamba lilikuwa kosa; lugha ya watu mamilioni haiwezi kusubiri visiwa viwili. Ninalolikataa ni ile hadithi inayosimuliwa baadaye, kwamba bara walichukua Kiswahili safi na visiwani tukabaki na lahaja. Katika neno hili, bara walibaki na Kijerumani na sisi tukabaki na Kiingereza, basi. Na anayesema ni "Kipemba" hajawahi kusoma tangazo hata moja la Wizara ya Elimu ya Zanzibar, wala kulifungua Kamusi la Kiswahili Fasaha lililotolewa na Baraza la Kiswahili la Zanzibar mwaka 2010.

Athari yake si ya heshima tu. Mtoto wa Pemba husoma katika skuli kwa miaka yote, halafu kidato cha nne anafanya mtihani wa Baraza la Mitihani la Taifa ambao karatasi yake ya Kiswahili inasema shule. Sijui mtoto wa Tanga aliyewahi kuambiwa ajifunze skuli ili afaulu. Mzigo wa kujua maneno yote mawili umewekwa upande mmoja tu wa mkondo, upande ule ule ambao mkutano wa 1928 uliusifu. Mimi nisingependa tulazimishe neno letu liingie kwenye vitabu vya bara. Ningependa tu msahihishaji aache kalamu yake ipite, kama sisi tunavyoiacha shule ipite tunapowasoma waandishi wa bara bila ya kunung'unika.

Kuhusu chuo, hadithi yake haijesha. Neno lilelile lililosukumwa likawa la Kurani peke yake lilipandishwa upya huko juu: chuo cha ualimu, chuo cha uuguzi, chuo kikuu. Zanzibar yenyewe ilianzisha chuo kikuu chake cha taifa kwa sheria ya mwaka 1999. Kwa hiyo Mpemba huanza chuoni akiwa na miaka minne au mitano, akapita skuli katikati, na akijaaliwa humalizia chuoni tena. Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani jirani yetu mmoja, mzee wa makamo ya babu yangu, aliniuliza nasoma wapi siku hizi. Nikamwambia, "Nipo chuo, babu." Akanitazama kwa huruma. "Bado tu? Umefika juzuu ya ngapi?"

Wenzangu wa Tumbatu na Makunduchi, na nyie wa Lamu na Mafia, tuandikieni kwenu chuo na skuli vinakaa vipi. Mafia ndiko ninakokuulizia zaidi, kwani ni kisiwa cha Waswahili kama sisi, ila mstari wa 1890 uliwatupa upande wa shule.